Kitabu cha Sungura Nilichompa Bahati

Nakumbuka asubuhi moja, Mwanangu, nilipomjibu direkta, mkuu wa shule yetu, "ndiyo" huku moyo wangu ukisema hapana. Vita ilikuwa bado imetuzunguka hapa Bunia, na mimi nilitunza masanduku ya vitabu vya shule yetu. Direkta alisema kila mwanafunzi apewe kitabu cha darasa lake, nisiangalie kitu kingine. Ilikuwa kazi rahisi, nami nilipenda urahisi.

Mdogo wangu Bahati alikuwa amekimbia kutoka kijiji cha Bule akaja kuishi kwangu. Alikuwa na miaka kumi na sita, ndevu zimeanza kuota, lakini vita ilimkatiza masomo, basi alikaa darasa la pili pamoja na watoto wadogo. Zamu yake ilipofika, alionyesha kwa kidole kitabu cha mashine za pikipiki, chenye picha nyingi.

"Kaka, uniazime ile."

"Ile ni ya wakubwa. Weye haujafika."

Nikampa hadithi ya sungura na maharagwe. Watoto wa nyuma wakaanza: "Muzee Sungura, utusomee basi." Akacheka nao, nami nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Walimwita hivyo hata barabarani, mwishowe akaacha shule. Siku zile kijana asiye na shule aliitwa na bunduki au na shimo la dhahabu. Yeye alikwenda shimoni. Mama yetu aliponiuliza, nilijitetea kwa amri ya direkta. Akaniambia taratibu: "Ulimuvalisha mutu mukubwa kaptula ya mutoto, sasa unashangaa ametoka ku nyumba?"

Mwanangu, wewe unayegawa vitabu leo, wahenga walisema penye nia pana njia. Maneno magumu humshinda asiyeyataka. Anayependa pikipiki atayapanda kama mlima wa Djugu, mradi ukae karibu naye. Na kama herufi bado zinamsumbua, mtafutie maandishi mepesi yenye mambo ya umri wake. Wepesi wa maneno si lazima uwe utoto wa habari. Kabla ya kumuuliza yuko darasa gani, muulize anapenda nini. Ningemkatalia direkta, angeninunia kidogo tu, basi.

Mungu akupe jicho la kumwona msomaji kabla ya kitabu, na mikono yako isichoke kugawa. Mimi sikumwona. Shimo lilimwangukia Bahati kabla sijamwomba msamaha, na ndugu mwingine sikuwa naye.