Jina la Bhoke Lilitajwa Mara Moja

Ghala la kahawa la kwetu Itiryo lilikuwa na harufu ambayo mpaka leo nikiikuta mahali hunisimamisha. Ni harufu ya kahawa iliyokwisha kuondoka: magunia ya katani, vumbi la maganda, na chokaa mbichi iliyochorwa sakafuni. Chokaa hiyo ndiyo iliyotuambia sisi watoto kwamba msimu wa vinyoya umefika. Kahawa ikishapelekwa mjini na ghala likabaki tupu, karani alifagia, akachora mistari, akafunga wavu kati ya nguzo mbili, na watu wa vijiji vya jirani wakaja na raketi zao zilizoungwaungwa kwa nyuzi za kuvulia samaki. Nje usingeweza kuucheza mchezo ule. Upepo wa vilima vyetu hauna adabu. Ukirusha kinyoya, unakwenda kukiokota kwenye migomba ya mtu. Wageni wakisikia kwamba Wakurya wa mpakani tulikuwa na mashindano ya mpira wa vinyoya yaliyoanza kabla baba yangu hajaoa, hucheka. Mimi huwaacha wacheke, kwa maana kuuliza si ujinga, lakini wao hawakuuliza.

Palikuwa na mchezo wa wavulana na wa wanaume watupu, ila duka la kijiji lilifungwa kwa ajili ya mchezo mmoja tu, ule wa mwanamume na mwanamke upande mmoja, dhidi ya mwanamume na mwanamke upande wa pili. Tuliuita mseto. Kabla ya fainali ya mseto, Mama Anna, mke wa karani, Mhaya aliyekuja kwetu kwa kazi ya mumewe na hakuondoka tena, alipanda juu ya lundo la magunia matupu akawataja mabingwa wote tangu mwanzo. Hakuwa na karatasi. Alisema kwa sauti ya mtu anayeita kuku: Mwita na Mokami, Mwita na Nyangi, Mwita na Robi, na wengine wengi. Halafu Mwita alizeeka magoti, akaja Chacha: Chacha na Weigesa, Chacha na Wankuru. Watu walipokea kila jozi kwa kupiga makofi mara moja, pamoja, kama mlango uliofungwa. Nilikuwa msichana mdogo lakini masikio yangu yalikuwa mazima, na niliona jambo. Mwanamume alitajwa na kutajwa tena, mwanamke alipita mara moja akatoweka. Nilidhani wanawake wetu huchoka upesi. Nilipomuuliza mama wanakokwenda, aliendelea kupepeta mtama wake. "Wameolewa," alisema. "Wewe ulifikiri wamekufa?"

Ndivyo ilivyokuwa. Mtoto wa kiume hubaki kwenye boma la baba yake na raketi yake, na mtoto wa kike huenda kwa watu. Ng'ombe wa mahari wakishaingia zizini, binti anahesabiwa kuwa wa nyumba nyingine, na mke wa watu hasimami uwanjani na kijana asiye wake, akiruka na kupokezana naye huku umati ukitazama. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo kwa ajili ya vinyoya. Ilikuwapo tu, nasi tukacheza ndani yake.

Dada yangu Bhoke alikuwa ameingia kwenye wimbo ule wa Mama Anna mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia: Chacha na Bhoke. Alikuwa mrefu, mkali, mvivu wa kuchota maji na hodari wa kila kitu kingine. Chacha alicheza nyuma kwa nguvu, Bhoke akasimama karibu na wavu, na kinyoya kilichofika kwake kilianguka upande wa pili bila kelele, pale pale ambapo hapakuwa na mtu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimrushia vinyoya vya mazoezi nyuma ya nyumba, vile vya kujitengenezea kwa kipande cha gunzi na manyoya ya jogoo. Nilipenda kazi hiyo kuliko kula. Siku moja aliniambia, bila kunitazama, "Nataka nitajwe mara mbili. Mwanamke mmoja atajwe mara mbili, basi." Tangu hapo na mimi sikutaka kitu kingine duniani.

Lakini posa ilikuwa imekwisha kujibiwa. Mchumba alikuwa wa ng'ambo ya mpaka, mtu wa heshima, shemeji wa mbali wa shangazi yetu, na Bhoke hakumkataa. Tena nyumbani palikuwa na kaka yetu Marwa, mkubwa kuliko Bhoke, ambaye alikuwa na mchumba wake kijiji cha Kewanja na hakuwa na ng'ombe wa kumwolea. Kwetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Marwa alikuwa amesubiri hadi utani wa vijana wenzake ukaanza kuwa matusi. Bhoke aliyajua yote hayo. Alichofanya ni kumfuata baba, ambaye sisi tulimwita Tata, akapiga magoti mbele yake na kumwambia, "Tata, ng'ombe waje, ila waje baada ya fainali. Nipe asubuhi moja tu." Tata alikuwa mtu mgumu, na alipenda kwenda ghalani kuliko alivyokubali kusema. Alituma neno ng'ambo, na wakwe wakakubali. Ahadi ni deni, alisema, na nyumba ikatulia.

Jioni ya kuamkia fainali tulisikia kengele za ng'ombe barabarani. Ng'ambo palikuwa na uvumi wa ugonjwa wa mifugo, kwamba minada itafungwa na ng'ombe hawataruhusiwa kutembea, na wakwe, kwa kuogopa kuonekana waongo, waliharakisha. Walikuwa wamewaswaga ng'ombe tangu alfajiri. Mvua ilikuwa inaanza. Tata aliwasalimia vizuri, wazee wakaingizwa ndani wakapewa uji, lakini magogo ya mlango wa zizi hayakutolewa. Alisema ng'ombe watalala nje, penye malisho, vijana watalinda, na kesho adhuhuri wataingia. Msemaji wao, mzee mpole mwenye koti la mvua, alitua bakuli la uji, akamwita Tata kijana kwa Kikurya: "Mura, ng'ombe za kuoa hazilali nje kama zimeibwa." Alisema bila hasira, na ndiyo maana ilimuumiza Tata. Marwa alikuwa amesimama ukutani. Alitazama miguu yake iliyojaa matope, na nadhani hakuna mtu katika nyumba ile aliyemwonea huruma zaidi ya Bhoke.

Dada alikuwa jikoni nami, tulikoyaona na kuyasikia yote, akikaza nyuzi za raketi kwa meno. Nje ndama walikuwa wanalia. Aliiweka raketi juu ya kinu, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akatoka mvuani. Nilimfuata hadi kizingitini. Alivuta gogo la kwanza, la pili, la tatu, akayaegemeza kwenye uzio, na ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe hawana adabu ya kungoja maamuzi ya watu, waliingia wakisukumana. Tata alitoka mbio. Alimkuta ameshika gogo la mwisho.

"Bhoke. Ulitaka kesho."

"Kesho nitakuja kutazama, Tata."

Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata kwenye msiba wa mama yake, aligeukia uzio akakaa hivyo muda mrefu akijifanya anakagua kamba zake. Maji yakimwagika hayazoleki. Asubuhi Bhoke alimpa raketi yake Ghati, binti wa jirani, kwa kuwa desturi ya ghalani ilimruhusu mwenye udhuru kuweka mtu mahali pake. Alikaa nasi kwenye magunia akiwa amejifunika kanga mpya kichwani. Chacha na Ghati walishinda. Dada alipiga makofi kama wengine, mara moja, na mimi nilimchukia Ghati kwa miaka mingi ingawa hakunikosea kitu.

Bhoke alikwenda ng'ambo. Alizaa, alilima, aliimba kwaya, alizeeka kabla ya wakati wake, na mwaka jana tumbo lilimsumbua miezi michache likamchukua. Tulivuka mpaka wa Sirari kwenda kumzika. Mwanawe mkubwa alisoma maisha ya mama yake mbele ya waombolezaji: kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa, watoto, wajukuu, chama cha akina mama. Yalikuwa maneno mazuri. Hapakuwa na kinyoya hata kimoja. Mshereheshaji akauliza, "Kuna mtu wa kwao mama angependa kusema kitu kidogo?" Nilisimama nikiwa sijui nitasema nini, na kilichotoka mdomoni ni sauti ya Mama Anna. Mwita na Mokami. Mwita na Nyangi. Watu walinitazama kama mtu aliyezidiwa na msiba. Chacha na Weigesa. Chacha na Wankuru. Chacha na Bhoke. Halafu nikaeleza, nikilia, kwamba huyu mliyemlaza hapa alikuwa bingwa.

Baadaye, nikinawa uso karibu na majiko, mama mmoja mnene aliyekuwa anasugua sufuria la ugali alinijia. Wote pale walimwita Mama Bonifasi. Alijifuta mikono kwa kanga, taratibu.

"Huyo Wankuru ni mimi," alisema.

Alikuwa ameolewa kijiji kile kile, kabla ya dada.

"Tulikuwa tunafua pamoja mtoni," aliendelea. "Tulisema tukimaliza kuvuna tutafunga kamba hapa nyuma ya jiko, tucheze kidogo, watu wakilala mchana. Kila mwaka tulisema hivyo."

"Na hamkucheza?"

"Mavuno hayaishi, mdogo wangu."

Mashindano yapo hadi leo. Ghala lina taa na bati jipya, vinyoya vinanunuliwa dukani, na tangu Mama Anna alipofariki, ni mimi, niliyeolewa hapa hapa Itiryo, ninayepanda juu ya magunia kuwataja mabingwa. Siwezi kusema zamani kulikuwa kubaya. Ng'ombe wale walimwoza Marwa, na wanawe ndio wanaonifagilia uwanja. Msimu huu mseto umechukuliwa na binti wa hapa hapa, aliyeolewa na kijana kutoka Shinyanga aliyefuata dhahabu Nyamongo. Alikuwa bingwa kabla ya kuolewa, na sasa amekuwa tena, akicheza na binamu yake. Mumewe alisimama pembeni ya mstari wa chokaa na mtoto mgongoni, amemfunga kwa kanga ya mkewe, akifoka kila kinyoya kilipotoka nje. Nililitaja jina la mke wake mara ya pili. Watu wakapiga makofi, mara moja, pamoja, na vijana wakashangaa kwa nini mama mzima analia juu ya magunia. Nilifurahi, na Mungu anajua nilifurahi. Lakini dada yangu aliomba asubuhi moja tu.