Alama Saba Ndani ya Boksi la Spika

Mama alipofariki, urithi wangu ulikuwa kitanda chake cha mvule. Miguu ilikwishaliwa na mchwa, lakini ubao wa kichwani ulikuwa mzima. Hapo mama alichanja kwa kisu alama saba, moja kwa kila mtoto aliyemzaa, na mbili alizikata kwa mstari tulipowazika ndugu zangu. Mimi ndiye wa mwisho. Napiga gitaa kwenye maharusi, kutoka hapa Bagamoyo mpaka Chalinze, nikaona badala ya mbao zile kugeuka kuni, bora nitengenezewe boksi la spika lenye sura ya zamani: pembe za mviringo, kitambaa cha kahawia mbele, mkono wa ngozi juu.

Tatizo lilikuwa fundi. Mzee yule ndiye seremala bora mjini, na ndiye anayewatengenezea wauza vinyago masanduku ya kale. Mbao mpya anazipaka chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa nyeusi, anazisugua dawa ya viatu, na wiki moja baadaye sanduku lina umri wa babu yake. Mtu wa namna hiyo unampelekea mvule wa kweli, halafu ulale usingizi? Nilijua tu atauficha awauzie watalii, mimi anirudishie kitu kilichochovywa kwenye chai. Kwa hiyo habari za zile alama sikumwambia. Nilizinyamazia makusudi, ziwe mtego wangu.

Nikawa napita karakanani kila siku, mara kuomba msumari, mara kuuliza kama spika itaenea. Nilikuwa nachungulia chini ya magunia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unatafuta nini?"

"Hamna, naangalia tu."

Naye hurudi kwenye randa yake. Upole wake ndio ulionitia wasiwasi zaidi.

Ijumaa moja, baada ya sala, nikaambiwa boksi liko tayari. Nililikuta mezani, zuri mno. Nikalipapasa juu, ubavuni, chini. Alama hakuna hata moja. Pembeni palikuwa na sufuria la chai nyeusi, na brashi ingali imelowa. Hata shikamoo sikumpa.

"Mbao za mama yangu ziko wapi?" nilifoka, na watu waliokuwa wakitoka msikitini wakasimama mlangoni. "Nirudishie mbao zangu, mwizi mkubwa wewe!"

Mzee alichukua bisibisi, akafungua skrubu za mgongoni moja moja. Akautoa ubao wa nyuma.

"Wa chai ni huu," alisema. "Mbao zako zilipungua, nikaongeza huu mpya, nikautafutia rangi ufanane."

Kisha akalielekeza boksi kwenye mwanga wa mlangoni. Ndani, upande wa juu, alama zilikuwapo zote saba, hazijaguswa na randa.

"Zingekaa nje ningelazimika kuzipiga msasa. Nikaona hizi ni hesabu ya mama na watoto wake, si za kufutwa." Akaweka kidole kwenye ile ya mwisho. "Wewe ndiye huyu?"

Niliitikia kwa kichwa. Aibu ile sijapata kuionja tena.

Boksi linaunguruma vizuri, na kila harusi watu wanalisifu. Nikipita karakanani naingia mpaka ndani, nampa mzee shikamoo yake kwa heshima zote.

"Marahaba," ananijibu, macho yakiwa kwenye randa. "Mwanangu" hajaniita tena.