Sijakata, Shemeji

"Nakuuliza swali jepesi tu, shemeji! Kile kitambaa cha gauni la kwendea harusini, umekata au hujakata?"

Fundi aliinamia cherehani, akijifanya sindano imemgomea. Mtaani walimwita Fundi Ndiyo. Tangu ajue kushika mkasi, hakuna mteja aliyetoka kibandani kwake na jibu linaloanza na "si" wala "ha". Suruali ambayo haijaguswa ilikuwa "iko njiani". Blauzi iliyopotea ilikuwa "inatafutiwa vifungo". Hata mpiga pasi wa pembeni akimuuliza, "Hujala?" yeye anajibu, "Nitakula."

"Kila siku ndiyo, ndiyo," mke wa kaka yake aliendelea, mikono kiunoni. "Kwani kukanusha kunakuuma meno?"

"Tulia, shemeji. Nimekata. Imebaki kuunga tu."

Alitegemea ashukuriwe. Shemeji akakaa pu kwenye benchi, mtandio ukamwanguka begani.

"Umeniua. Nilikuletea mfuko siyo. Hicho kitambaa ni cha mama."

"Mama yupi?"

"Mama yenu! Kile alichonunuliwa na marehemu baba, ambacho hata vumbi tunalifuta kwa adabu. Asubuhi kaniambia nimtolee akiangalie. Kufungua kabati, nakuta cha kwangu ndicho kimebaki. Nitamtazama na macho gani mimi?"

Akaanza kulia. Mpiga pasi aliinua pasi juu, akasahau kuishusha.

Fundi alilowa jasho mpaka mgongoni. Ndiyo zake zote zilikuwa ndogo ndogo, za kusogeza siku. Hii imemkalisha mtu chini. Akaachia cherehani, akamgeukia.

"Si..."

"Si nini?"

"Sijakata."

"Usinibembeleze!"

"Sijakata, shemeji. Sijapima, sijapitisha chaki, mfuko wenyewe sijaufungua. Nilikudanganya."

"Leo ndiyo umejua kukanusha? Nikuamini vipi?"

Fundi aliingia chini ya meza, akasukuma vipande vya nguo huku na huku, akatoka na mfuko. Fundo lilikuwa vilevile, lile la shemeji mwenyewe la kukaza mara mbili, ambalo mumewe hulilalamikia kila akitaka kufungua mfuko wa mkate. Shemeji alilifungua kwa meno. Kitambaa kilikuwa kizima, kimelala kwenye mikunjo yake ya zamani.

Akacheka huku machozi yanamtiririka.

"Hukukata! Mvivu wewe, Mungu akuzidishie uvivu!"

"Huyo hahitaji kuzidishiwa," mpiga pasi alisema.

"Na mimi nikikuletea changu sasa, utaniwahishia hiyo harusi?"

Fundi alishazoea kusema ndiyo, ikamfika mpaka ncha ya ulimi. Akaimeza.

"Sitawahi, shemeji."

"Basi nitavaa lile gauni langu la kijani. Afadhali nijue." Akampiga kofi la begani, la upendo lakini zito, akaondoka karibu anakimbia, mfuko kifuani kama mtoto mchanga.

Fundi alibaki amesimama. Kifua kilikuwa chepesi, kama mtu aliyevua kiatu cha kubana. Kumbe unasema hapana, na hakuna anayekutafuna. Akatazama rafu ya nguo za watu, akavaa kofia.

"Wapi tena?" mpiga pasi aliuliza.

"Kwa kinyozi. Nikamwambie koti lake sijalianza."

"Atakunyoa bila maji!"

"Najua. Niangalizie hapa, niwahi kabla ujasiri haujaisha."

Akavuka barabara.