Kikombe cha Saba

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Utawala alinikabidhi funguo tatu, birika kubwa la chai na onyo moja: "Mama Neema, hapa wanasoma watu wazima. Usishangae ukimkuta mtu mwenye mvi analia kwenye korido."

Mimi niliishia darasa la saba. Nilikuwa mhudumu wa ofisi kwa wanafunzi wa shahada ya uzamivu ya sheria, yaani wale wanaosomea udaktari usio wa sindano. Na kweli niliwaona wakilia. Wengi hawakulilia sheria, walililia ada. Mwanafunzi huandika kitabu kizima, kinaitwa tasnifu, kisha hukitetea mbele ya jopo la watahini. Lakini haingii kwenye chumba cha jopo bila kibali cha uhasibu kwamba hadaiwi.

Miaka ya mwanzo karibu wote walikuwa wanaume waliolipiwa na waajiri wao, tai shingoni. Ndipo akaja Mkuu wa Idara mpya, Profesa, mwanamama wa Bukoba, akapigania watu walipe kidogo kidogo.

"Nikibaki na wenye uwezo tu," alimwambia Mhasibu mbele yangu, "nani ataandika kuhusu kesi za mama ntilie?"

"Profesa, hao watalipa kwa sahani za wali?"

Profesa alimshinda. Korido ikabadilika: akaja sista wa kanisa kutoka Songea, sajenti wa polisi, kijana asiyeona aliyesoma kwa vidole. Akaja pia Zuhura, karani wa mahakama ya mwanzo, mzaliwa wa Temeke, aliyelipa ada kwa mshahara na cherehani.

"Shikamoo mama. Chai ipo?"

"Marahaba. Hii ya watahini."

"Basi na mie niitahini kidogo."

Jopo lilikuwa na watu sita. Walikunywa chai wakijadiliana, mtahiniwa akisubiri nje. Wakikubaliana kwamba amefaulu, Profesa hufungua mlango na kuniambia, "Kikombe cha saba." Naingia nacho, mtahiniwa nyuma yangu. Wanafunzi wote waliijua desturi hiyo.

Zuhura alitetea tasnifu yake mwaka niliomzika mume wangu. Nyumbani nilikuwa bado naandaa vikombe viwili kila alfajiri. Siku hiyo, bila kufikiri, nikaingiza sinia lenye vikombe saba.

Mtahini wa Nje, mzee aliyealikwa kutoka chuo kingine, akavihesabu. "Mama, umeshatuamulia?"

Wakacheka. Profesa akasema, "Kirudishe, bado tunabishana."

Nikatoka nacho mkononi. Zuhura akakiona kikombe kinatoka, akakaa sakafuni.

"Wamekirudisha, mama? Mie sina ada ya mwaka mwingine."

"Hawajaamua, mwanangu. Kosa ni langu. Mikono imezoea kumwekea Baba Neema."

Tangu mazishi sikuwahi kumtaja pale kazini. Nikakaa naye chini. Akakichukua kile kikombe, akakishika kwa mikono miwili.

Mlango ukafunguliwa. Profesa akatutazama.

"Nyie wawili mmepotelea wapi huko chini? Kikombe cha saba kiko wapi?"

Zuhura akanigeukia, machozi yanamtoka, anataka kunipa kikombe.

"Kiingize mwenyewe, Dokta," nikamwambia.

Sasa nimestaafu, nipo Madale na kuku wangu. Ningesema wote walifika ningedanganya. Sajenti aliishiwa ada akarudi kwao Singida. Karatasi zake zilibaki kabatini kwangu mpaka siku narudisha funguo, na hadi leo zinaniuma. Lakini korido ile haikurudi kuwa ya tai peke yake. Zuhura anafundisha pale, na watu wa cherehani wanamgongea mlango.

Alfajiri bado naandaa vikombe viwili. Siku nyingi cha pili kinapoa, nakinywa mwenyewe. Jumamosi anakuja Zuhura. Haulizi ni cha nani. Anavuta kigoda, anasema chai yangu imezidi tangawizi, na anakimaliza.