Polisi aliyeshangilia kuliko wote

Mimi ni polisi wa bariere, kile kizuizi cha magari kwenye barabara ya Kabambare. Jina langu mnisamehe; barabarani wananiita "Chef", yaani mkubwa.

Juzi mchana niliingia chumba cha video hapa Kasongo, bila kulipa bila shaka, paja la kuku mkononi. Filamu ilikuwa ya polisi mmoja mkaidi anayewachapa wakubwa zake wala rushwa. Wazungu wanaongea lugha yao, kijana wa hapo, Saidi, anatutafsiria kwa mikrofoni. Hakuna aliyeshangilia kunishinda.

"Mupige! Watu kama hao ndio wanaharibu inchi!"

Mara polisi mla rushwa akasimamisha gari. Saidi akamsemea: "Mama, hii kuku yako haina karatasi ya safari. Inabaki hapa."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikapanda juu ya benchi, paja hewani: "Mwizi! Mupige!"

Kumbe hakuna tena aliyetazama filamu. Wote walinitazama mimi. Kwenye picha hakukuwa na kuku wala mama. Maneno yale niliyasema mwenyewe, jana yake, nikimnyang'anya kuku mama mmoja aliyekuwa akienda sokoni. Na mama huyo, mamake Saidi, alikuwa ameketi nyuma yangu.

"Chef," akaniuliza kwa upole, akitazama mkono wangu, "leo iko na karatasi?"