Wadudu wa Lambo

"Kama hao wadudu wako wanakula huu utando, mbona unazidi?" mama aliniuliza. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma biolojia.

Lambo la kijiji liko nje kidogo ya Misigiri. Kiangazi hicho maji yalikuwa yamebaki machache, yamefunikwa na utando wa kijani kama rangi ya mafuta iliyomwagika. Yakifika hapo, watu wa kwetu hawanyweshi tena lamboni. Huenda kwenye mto uliokauka, huchimba mchanga mpaka maji yatoke, wakajaza karai kidogo kidogo. Nusu siku inaishia huko. Mama alikuwa na goti bovu na ng'ombe mmoja, mwenye mimba.

Niliuliza kwa nini tuteseke. Nikajibiwa kwamba ndivyo tulivyokuta, jibu ambalo sijawahi kulikubali. Nikachota maji ya lambo kwenye glasi, nikamwonyesha mama vidudu vilivyokuwa vikirukaruka ndani, vidogo kuliko punje ya ulezi.

"Hawa wanachunga huo utando kama mbuzi, mama. Wape wiki mbili, maji yatatakata. Hata sasa hayana neno."

"Haya, msomi. Ng'ombe akifa utakamuliwa wewe."

Tulicheka. Goti lilikuwa limevimba, akakubali tunyweshe lamboni.

Wiki mbili zikapita. Wadudu waliongezeka, nami nikajivuna. Utando nao uliongezeka, ukashikamana vibonge, upepo ukausukuma upande tuliokuwa tukinywesha. Hapo ndipo mama aliponiuliza swali lile. Nikamwambia tungoje kidogo.

Siku ya tatu baada ya hapo ng'ombe alikataa majani. Alasiri akalala, akitetemeka, hakuinuka tena. Jirani yetu alikuja na jembe, akautazama mdomo wenye kijani, kisha akanitazama mimi. Nyama haikufaa kuliwa, ikabidi tuchimbe shimo. Tulipokuwa tukichimba, ndama alicheza mara mbili tumboni mwa mama yake aliyekwisha kufa, kisha akatulia.

Mama hakunilaumu. Alianza tu kunywa chai ya rangi.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo nilipojifunza kwamba utando ule ni mwani, nao hutambua, ndani ya maji, harufu ya wadudu wanaoula. Ukiitambua, chembe zake hushikamana vibonge visivyoingia kinywani mwao, na aina zake nyingine huongeza sumu.