Klachi Ngumu na Mguu wa Kaka

Kwetu Ihembe mgonjwa hakuwa mzigo wa nduguze peke yao. Yowe likisikika, kila nyumba ilitoa mwanaume mmoja akaweke bega chini ya machela, na safari ya hospitali ikaanza, kilima baada ya kilima, wakipokezana. Wakisharudi walikaa kwa mkuu wa machela, wakanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, naye akaziita nyumba moja moja. Nyumba iliyobeba iliitika, "Tupo." Iliyokosa bila udhuru ilitozwa debe la rubisi. Lakini debe halikuuma. Kilichouma ni kile kimya baada ya nyumba yenu kutajwa.

Nyumba yetu ilikuwa na mwanaume mmoja tu, kaka yangu. Baba alikuwa amelala kaburini kwenye kibanja chake, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe, na mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, au mimi kuishinda. Kaka alikwenda vita vya Kagera na miguu miwili mizima, akarudi na goti la kushoto lisilokunjika vizuri wala kunyooka vizuri. Wazee walimwambia, "Wewe umeshabeba nchi nzima, waitu, ndugu yetu. Kaa upumzike." Walisema kwa heshima, na yeye akaipokea heshima hiyo kama tusi. Kaka yangu ana kiburi. Nami ninacho, tulinyonya ziwa moja.

Ndiyo maana alinunua pikapu. Watu walidhani ni kwa ajili ya ndizi na kahawa za kupeleka mjini Omurushaka, na kweli alizipeleka, lakini mimi niliyempikia nilijua gari lile ni bega lake. Yowe likipigwa alikuwa wa kwanza kuwasha. Machela ilifungwa nyuma juu ya majani makavu ya migomba, wabebaji wawili wakakaa kuishikilia, na jioni nyumba yetu ilipoitwa aliitika, "Tupo," kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika.

Shida ilikuwa vilima. Injini ya kwanza ilikuwa dhaifu, na wakati wa mvua watu walishuka wakaisukuma, wakimtania kwamba afadhali wangembeba mgonjwa tu, maana sasa walikuwa wanabeba mgonjwa na gari lake. Kaka hakucheka. Mwaka ule kahawa ilipokuwa nzuri alipata injini kubwa ya silinda sita kutoka kwenye gari lililopinduka, akaifungisha kwenye pikapu yetu. Loo! Nguvu za farasi sijui ngapi, sikuzihesabu, lakini alipowasha, kuku walikimbilia migombani na jirani akaapa kwamba kuku wake wameacha kutaga. Kwa wiki kadhaa nilimwona kaka yangu akitembea kama mtu aliyesahau kwamba anachechemea.

Ila klachi ilibaki ileile ya zamani. Klachi, kwa asiyejua, ni sahani inayobanwa kati ya injini na gia. Ikibanwa sawasawa, nguvu inafika kwenye magurudumu; ukikanyaga pedali unazisukuma springi zinazoibana, iachie upate kubadili gia. Injini ikiwa na nguvu kuliko kinachobana, sahani inateleza na kuungua, na gari linanguruma pale pale lilipo.

Siku balaa lilipotokea, nyuma tulikuwa na mke wa jirani yetu mwenye uchungu wa kuzaa tangu alfajiri. Nami nilikuwamo, nimemshika mkono, na mumewe alikaa mbele na kaka. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulikuwa mwekundu na laini. Katikati ya mlima injini ilipaza sauti, na gari likaanza kupunguza mwendo. Nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Kisha tukasimama. Kaka alikanyaga mafuta, injini ikalia, na hatukusogea hata shubiri moja. Wabebaji wawili wakashusha machela. Walikuwa wawili tu kwa sababu tulikuwa na gari, na wenzao wote walibaki nyumbani wakijua gari lipo. Mume wa yule mama na mimi tukashika ncha za nyuma. Nilipogeuka, nilimwona kaka amesimama katikati ya barabara, mikono inaning'inia, hana la kufanya.

Yule mama alipona. Mtoto hakupona.

Hakuna aliyemlaumu kaka. Baba wa mtoto alikuja kesho yake na mkungu wa ndizi, akamwambia, "Asante, ulitufikisha mbali." Kaka akaupokea kwa mikono miwili, akauweka chini, akaenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata nikamkuta analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata aliporudi vitani. Nilikaa karibu yake.

Wiki hiyo gari lilivutwa hadi Omurushaka. Fundi wetu alikuwa mzee ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, mtu wa maneno machache na vumbi jingi. Tulimsalimia, "Shikamoo, mzee," akaitikia akiwa bado chini ya gari. Kisha akatutolea klachi alizokuwa nazo, akazipanga juu ya gunia.

Moja ilikuwa kama ile yetu iliyoungua, ila mpya. Pedali yake ni laini, hata mtoto angeikanyaga. Kaka aliiangalia mara moja tu. Nyingine ilikuwa na vipande vya shaba, ya magari ya mashindano. Ile, fundi alisema, haitateleza kamwe.

"Basi hiyo," kaka akasema.

"Ngoja. Hii haijui pole pole. Ukiachia pedali inang'ata mara moja, gari linaruka. Huko nyuma unabeba nini?"

Nikajibu mimi, "Wagonjwa."

Fundi akaisukuma pembeni kwa kidole. Ikabaki moja, iliyotoka kwenye lori dogo. Sahani yake ilikuwa pana, ya kawaida, inashika taratibu kama mkono wa mkunga. Lakini springi za kuibana zilikuwa nene na ngumu, na ugumu huo wote ungekuja kwenye pedali. Alitufungia tujaribu.

Kaka akapanda, akaweka mguu wa kushoto, akasukuma. Pedali ikashuka nusu. Akajishika kwenye usukani kwa mikono yote miwili akasukuma tena, na safari hii ikafika chini, lakini paja lilitetemeka hadi suruali ikaonekana inapepea. Jasho lilimtoka. Akashindwa kuishikilia, mguu ukarudishwa kwa nguvu na goti likagonga chini ya usukani.

Fundi alijitahidi. Aliirefusha pedali, ikawa nyepesi kweli, lakini sasa klachi haikuachia yote na gia zikawa zinasaga kama mawe. Akairudisha ilivyokuwa. Akasema, "Mwanangu, nguvu ya injini lazima ibanwe na kitu. Nami siwezi kukupa springi ngumu na mguu laini pamoja. Nikufungie ile ndogo? Utaendesha vizuri tu. Mlimani ubebe ndizi chache."

Nilitamani akubali. Nasema kweli. Nilimwonea huruma kaka yangu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu, na nilijua kwamba akiikubali ngumu anatoka kwenye kiti kile, na akitoka pale nyumba yetu itakaa kimya mbele ya mkuu wa machela. Nilitaka aendelee kuitika. Wagonjwa sikuwafikiria wakati ule, nilimfikiria yeye.

Kaka alikaa kwenye usukani kitambo, mkono juu ya goti. Kisha akashuka, akaniambia, "Panda wewe."

"Mimi?"

"Panda, dada. Kanyaga."

Nilipanda na gauni langu na ndala zangu. Nilikuwa na miguu iliyopanda vilima na ndoo ya maji kichwani tangu utoto, miguu ya jembe. Nilikanyaga na pedali ikashuka mpaka chini, ikakaa. Fundi akatazama mguu wangu, halafu akamtazama kaka.

"Iache hapo hapo," kaka akasema. Akatoka nje ya gereji akasimama kando ya barabara, akitugeuzia mgongo.

Alinifundisha mwenyewe, kwenye barabara ya Ihanda, kwa matusi na uvumilivu kwa zamu. "Unaua gari!" "Basi endesha wewe!" Nilisema hivyo mara moja, nikatamani kuumeza ulimi wangu. Yeye akasema kwa upole, "Achia taratibu. Kuna mtu nyuma." Hakukuwa na mtu nyuma. Lakini hivyo ndivyo nilivyojifunza.

Yowe lililofuata lilikuwa la mzee mmoja aliyeanguka kwenye shamba lake la kahawa. Wanaume walipoona nani yuko kwenye usukani walinong'ona. Mmoja akasema waziwazi kwamba mwanamke habebi machela. Kaka akafungua mlango wa kushoto, akapanda, akaufunga. "Gari limeshawaka," akasema. "Mnakuja au hamji?"

Kwenye mlima ule ule nilibadili gia nikimwomba Mungu kimoyomoyo. Klachi ikashika. Tukapanda. Nikatupia jicho upande wake, nikaona mguu wake wa kushoto unakanyaga sakafu tupu kila nilipokanyaga mimi, na unaachia taratibu kila nilipoachia. Sidhani kama alijua.

Mzee alifika hospitali akiwa hai. Jioni tulikaa kwa mkuu wa machela, mimi kwenye mkeka karibu na mlango. Nyumba zikaitwa. Ilipofika yetu, mkuu wa machela alimgeukia kaka, kama kawaida. Kaka alikuwa ameinamia kibuyu chake. Kila mtu akangoja, na kile kimya nilichokiogopa siku zote kikaingia. Kisha kaka akainua uso, akanitazama mimi, wala hakufungua mdomo.

Nikaelewa.

"Tupo," nikasema.